Mashine ya Kikombe Kimoja

Mkuu wa chuo chetu alirudi kutoka semina Nairobi akiwa na vikopo vitatu vidogo vya kahawa kwenye mfuko wa koti. Alivitoa Jumatatu katika mkutano wa walimu, akavipanga mezani kimoja kimoja kama mtu anayeonyesha dhahabu ya machimbo ya Macalder. Alikuwa amelala katika hoteli ambayo kila chumba kina mashine yake ya kahawa. Unatumbukiza kikopo, unabonyeza kitufe, mashine inakitoboa na kusukuma maji ya moto, na kabla hujamaliza kufunga vifungo vya shati kikombe kimejaa. Kikombe kimoja tu. Chako wewe peke yako.

"Waliotengeneza kitu kama hiki," alisema, "hawakuzaliwa na vichwa viwili."

Huo ulikuwa mwaka wangu wa tisa nikifundisha umeme katika chuo hicho cha ufundi, nje kidogo ya mji wa Migori. Niliomba kikopo kimoja nikakipasua kwa kisu changu cha kuchunia waya. Ndani mlikuwa na unga wa kahawa usiojaza kijiko cha supu. Vilivyobaki vyote vilikuwa bati, plastiki na kipande cha chujio. Nikaumwaga ule unga kiganjani na kuwaonyesha wenzangu. Nikawaambia kuna watu wenye digrii nzito waliokaa ofisini miaka na miaka wakitafuta njia ya kumuuzia mtu takataka yenye kahawa kidogo ndani, na wameipata. Walimu wakacheka. Mkuu hakucheka. Alivikusanya vile viwili vilivyobaki, akavirudisha mfukoni, akatangaza kwamba chuo chetu kitaunda mashine yake. Sisi hatungefanya kahawa. Tungefanya chai ya maziwa, chai ya Mkenya, kikombe kimoja kwa kila mtu. Ingepelekwa Homa Bay kwenye maonyesho ya ubunifu ya vyuo vya kaunti zetu mbili. Na kwa kuwa nilikuwa nimeonyesha ujuzi wa kufungua kikopo, mimi ndiye nitakayeiunda.

Ilikuwa namna yake ya kumnyamazisha mtu. Alikuwa amesomea usimamizi wa biashara na aliita kila kitu chenye ncha "nati". Darasa langu la umeme lilikuwa na paa linalovuja juu ya ubao wa fyuzi, na wanafunzi wangu walipokezana kifaa kimoja cha kupimia umeme kama watu wanaopokezana miwani kusoma barua. Hayo hayakumshughulisha hata kidogo. Hayapigwi picha.

Niliifanya kazi hiyo wiki sita. Koili nilitoa kwenye bafu la umeme lililokufa, pampu ikatoka kwenye gari, ile inayorusha maji kwenye kioo cha mbele, na sanduku lilikuwa la mikrowevu iliyokuwa imetupwa nyuma ya stoo. Vikopo tulivitengeneza kwa vikombe vya maziwa lala vilivyozibwa kwa karatasi ya alumini iliyobanwa kwa pasi ya nguo. Siku ya kwanza kabisa nilimweleza Mkuu kwa nini haitawezekana, na nilimweleza taratibu, kama ninavyomweleza mwanafunzi. Kahawa ikisagwa laini na kusukumiwa maji kwa nguvu inatoa ladha kwa nusu dakika. Chai yetu haiko hivyo. Maji na maziwa na majani vinachemka pamoja, chai inapanda mpaka ukingoni mwa sufuria, unaipunguzia moto, inapanda tena. Ule muda ndio chai yenyewe. Ukiuondoa umebaki na maji ya moto yaliyosikia habari za majani.

"Wewe una roho ya kupinga, mwalimu," alinijibu.

Basi nikaanza kuiunganisha mashine. Maziwa yaliungua kwenye koili na karakana nzima ikanuka manyoya ya kuku yaliyoungua. Utando wa maziwa uliziba mpira wa kupitishia chai, nikawa nauzibua kwa spoku ya baiskeli. Tulipojaribu maziwa ya unga yalitoka mabonge mabonge, kila bonge likianguka kikombeni kwa sauti. Mara moja tu ndipo kilipotoka kikombe kizima bila kuziba, na kilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa sufuria. Mkuu alikinywa chote mbele yangu, macho ameyafumba nusu.

"Imekaribia," alisema.

Wakati huohuo, kila siku saa nne asubuhi, mpishi wa chuo alikuwa akituletea chai karakana. Alikuwa mama wa makamo aliyezaliwa upande wa Ogwedhi, na maziwa yake yalitoka huko, kwa wafugaji aliokua nao. Mama huyo ni Msabato wa kweli na hanywi chai wala kahawa. Miaka yote hiyo alipika chai iliyokuwa sababu ya walimu wengine kutohama, na hakuwahi kuonja tone. Alijua imeiva kwa rangi na kwa harufu. Siku moja aliweka chupa yake ya chai juu ya meza yangu, akaizunguka ile mashine.

"Mwalimu, hii inapikia watu wangapi?"

"Mmoja, mama."

"Na wengine?"

"Wanangoja."

"Wanangoja nini?"

"Zamu yao."

Aliiangalia tena, akaniangalia mimi. "Na mtu mzima alikaa akafikiria hii," alisema, si kwa kuuliza. Akamimina vikombe vyetu vyote kwa mkupuo mmoja, akaenda zake.

Jumatano ya wiki ya maonyesho pampu iliungua. Ilikuwa mchana, jua kali, nimeketi juu ya kigoda na mikono imejaa maziwa yaliyoganda. Mkuu aliingia na tai yake, akauliza tutafanya nini, kwa sababu jina la chuo limeshachapishwa kwenye ratiba. Nilikuwa nimechoka naye. Nilikuwa nimechoka na tai yake na vile vikopo ambavyo bado alivibeba kwenye koti. Nikamwambia kwa dharau, kama unavyomwambia mtu akaruke mtoni:

"Si tuweke tu chupa ya chai ndani? Mtu akibonyeza, imwage. Nani atajua?"

Nilitarajia akasirike. Hakukasirika. Alisogea mpaka kwenye sanduku la mikrowevu, akainama, akachungulia ndani. Kisha akaiangalia chupa ya mpishi iliyokuwa imebaki mezani tangu asubuhi.

"Inaingia?" aliuliza.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Hata kama ingeingia ningeweza kusema haiingii, maana hakujua kupima chochote. Lakini nilichukua futi ya kupimia nikapima. Iliingia, na nafasi ya mpira ikabaki.

Nitasema ukweli juu ya siku mbili zile. Katika miaka yote niliyofundisha sikuwahi kufanya kazi safi kuliko ile. Nilitoboa kifuniko cha chupa, nikapitisha mpira mwembamba, nikautia silikoni. Nikapata pampu nyingine. Nikaweka feni ndogo ya kompyuta ingurume kwa sekunde ishirini, na koili ichemshe maji kidogo kwenye kisahani ili mvuke upande mbele ya kioo. Mngurumo ule haukuwa wazo la Mkuu. Ulikuwa wangu. Nilijua kwamba mtu akisikia kitu kikinguruma anaamini kuna kazi inayofanyika, na nilifurahia kujua hivyo. Mbele niliweka vitufe vitatu vya sukari: bila, kidogo, nyingi. Vyote vitatu nilivifunga kwenye waya mmoja.

Ijumaa alfajiri nilienda jikoni. Mkuu alikuwa ameagiza chai itiwe sukari ya kutosha, kwa sababu wageni wa heshima wanapenda tamu. Mpishi alikoroga, akajaza chupa, akauona mpira ukining'inia kwenye kifuniko.

"Hii inaenda wapi?"

Nikamwambia. Sikumficha kitu. Alikaza kifuniko kwa kitambaa, akanikabidhi.

"Kazi yangu ni kupika, mwalimu. Hayo mtakayosema mbele za watu, msiseme ni mimi nimewatuma."

Tulienda kwa pikapu ya chuo, mashine mapajani mwangu. Ilikuwa na joto kama mtoto mgonjwa, na kila tuta la barabara nilisikia chai ikicheza tumboni mwake. Homa Bay upepo wa ziwa ulikuwa unazipiga hema, na walimu wa vyuo vingine walikuwa wanashikilia mabango yao kwa mawe. Walituweka jirani na mwanamke mmoja wa chuo cha upande wa Mbita. Alikuwa na miaka kama thelathini, amerudi darasani baada ya kuzaa watoto wake. Alikuwa ameleta kichanja cha kuanikia omena, dagaa wa ziwani. Mtu akikiona angedhani ni kitanda kilichovunjika. Lakini juu yake palikuwa na turubai lililokunjwa na waya mbili nyembamba zilizolazwa sambamba, na tone la mvua likizigusa zote mbili mota inaamka na turubai linajifunika lenyewe. Alinionyesha kwa kuchovya kidole kwenye kikombe cha maji. Tone moja likaanguka, turubai likatambaa, omena wakafunikwa.

Nilikitazama kichanja kile kwa muda mrefu. Mota ilitoka kwenye wipa ya gari. Betri ilikuwa ya pikipiki. Hakukuwa na kitu chochote cha uongo.

"Umefanya hivi peke yako?" nilimuuliza.

"Mvua ilikuwa inaniharibia," alisema. "Na yako inafanya nini?"

"Chai," nikasema, nikageukia waya zangu.

Waamuzi walikuwa watatu. Wanaume wawili waliovaa suti zinazofanana, na mwanamke mwenye mvi, injinia mstaafu aliyefanya kazi ya mitambo ya maji maisha yake yote. Mkuu aliwahutubia. Alisema nchi zilizoendelea zina mashine za kikombe kimoja, na kwamba sasa hata sisi wa Migori tumeingia katika safu hiyo. Alisema kila mwananchi ana haki ya kunywa chai anayoitaka, kwa kiasi anachotaka, saa anayotaka. Nilimtazama akisema na nikaona hakuwa anadanganya. Kufikia siku ile alikuwa ameshaamini.

Mwamuzi wa kwanza akabonyeza. Feni ikanguruma, mvuke ukapanda, na baada ya sekunde ishirini chai ikatoka, nzito, ya rangi ya udongo mzuri. Akaonja.

"Aa! Hii ni chai kabisa!" alisema, akawageukia watu. "Hii ni chai ya nyumbani!"

Watu wakapiga makofi. Mwamuzi wa pili akanywa, akaomba apigwe picha akiwa ameshika kikombe. Kisha mama mwenye mvi akasogea. Aliviangalia vitufe vyangu vitatu.

"Mimi nina sukari," alisema. "Daktari amenikataza kabisa. Nipe isiyo na sukari."

Mkuu alinigeukia bila kupepesa jicho. "Mwalimu, mbonyezee Madam hiyo ya bila."

Sikuwa mtoto. Nilijua kilichokuwa ndani ya chupa, nilikuwa nimemwona mpishi akipima sukari kwa kikombe. Ningeweza kusema mashine imepata hitilafu. Ningeweza kumwaga kikombe kwa bahati mbaya, jambo ambalo lingehitaji kiwiko tu. Niliwaza kwamba tone moja haliui mtu. Niliwaza hivyo kwa haraka sana, kama mtu aliyekuwa na wazo hilo tayari. Nikabonyeza.

Feni ikanguruma. Chai ikatoka. Alionja kidogo, akaishikilia mdomoni, akairudisha kikombeni, akajifuta midomo kwa leso.

"Hii ina sukari," alisema.

"Ni sensa ya kupima sukari, Madam," Mkuu akadakia. "Barabara imetutikisa sana."

"Sensa," yule mama akarudia. Alimwangalia Mkuu, halafu akaniangalia mimi, na kwangu akakaa zaidi. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda kwenye kichanja cha omena. Huko alikaa mpaka wenzake wakamwita.

Alasiri tulitangazwa washindi. Kichanja kikawa cha pili. Mgeni wa heshima alisema katika hotuba yake kwamba vijana waige mfano wetu, na Mkuu akapokea kombe la plastiki lililopakwa rangi ya dhahabu, akalinyanyua juu kwa mikono miwili. Mwanamke wa Mbita alipiga makofi kwa adabu. Kisha akaanza kukunja turubai lake kwa mkono, akiokoa betri.

Nilienda nyuma ya hema kwenye bomba, kusuuza chupa kabla maziwa hayajaganda. Nilikuwa nimeinama nilipoona viatu vya kike mbele yangu. Alikuwa yule injinia. Chupa ilikuwa mkononi mwangu na mpira bado umening'inia kwenye kifuniko.

"Hiyo ndiyo injini yake?" aliuliza.

"Ndiyo, Madam."

"Chai amepika nani?"

"Mpishi wa chuo chetu."

"Ni chai nzuri sana. Nilitamani kuimeza." Alikunja leso yake. "Usifikiri ni mimi peke yangu niliyejua. Wenzangu pia walijua. Lakini wanasema watu hawatakuja kupiga picha na omena."

Nilitaka kucheka lakini sura yake haikuniruhusu.

"Kuna kitu kimoja tu sikielewi," aliendelea. "Yule mkuu wako ni mtu wa maneno, hata ukimwambia sumu atauliza ina rangi gani. Lakini wewe ni fundi. Ulinisikia nikisema nina sukari, na unajua kitufe kile kimefungwa wapi. Ulibonyeza kwa nini?"

"Samahani, Madam."

"Hilo si jibu."

Alisimama akingoja. Maji yalikuwa yanamwagika kutoka bombani na sikuyafunga. Aliyafunga yeye mwenyewe, akaondoka.

Mwezi mzima baada ya hapo nilikuwa nikitunga jibu njiani, darasani, nikinyoa ndevu. Nilimdharau Mkuu kwa upumbavu wake, nikawadharau wale wenye suti zinazofanana, nikawadharau hata waliopiga makofi, na kila nikimaliza orodha nilikuta kidole kilichobonyeza si cha yeyote kati yao.

Mashine iliwekwa ofisini kwa Mkuu, juu ya meza yenye kitambaa. Wageni wakija, mpishi anaambiwa ajaze chupa, mimi naitwa niipachike kabla hawajaingia. Nilifanya hivyo mara mbili. Mara ya tatu walikuja maofisa wanne kutoka wizarani, na asubuhi hiyo mpishi aliponiletea chupa nilimwambia airudishe, wanafunzi wanywe. Alisema tu, "Haya," akageuka nayo.

Nilisimama mlangoni kwa Mkuu nikiona. Aliwaeleza wageni kila kitu, akamkaribisha mkubwa wao abonyeze. Feni ikanguruma vizuri. Mvuke ukapanda. Sekunde ishirini zikaisha na kikombe kikabaki kitupu, kikavu, cheupe. Mkubwa akakichungulia. Akabonyeza tena, na tena mvuke ukapanda.

"Ni stima ya huku kwetu," Mkuu alisema, akicheka. "Inashuka, inapanda."

"Lakini inafanya kazi?" mgeni mmoja akauliza.

"Umeisikia," Mkuu akamjibu.

Na wote wanne wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja aliandika kwenye daftari. Mwingine alisema ina mngurumo mzuri, usio na kelele nyingi. Walipiga picha na mashine, na kikombe kitupu kilikuwa mbele yao, wakapanda gari lao wakaenda. Mkuu hakunigombeza. Alinipita mlangoni kana kwamba mimi ni kabati.

Muhula ulipoisha niliacha kazi. Sasa niko Mbita, natengeneza mashine za barafu na majokofu ya wachuuzi wa samaki. Ni kazi ya kunuka lakini barafu ni barafu, ama imeganda ama haijaganda. Wiki ya pili nikiwa huko nilimtafuta yule mwanamke wa kichanja. Nilimkuta ufukweni akigeuza omena kwa ufagio. Alikuwa na vichanja viwili sasa. Nikamweleza yote, tangu futi mpaka vitufe. Hakuacha kufagia.

"Nilijua kuna kitu," alisema nilipomaliza. "Uliangalia waya zangu kama mtu mwenye njaa, halafu ukakataa kunionyesha zako." Alisogeza rundo moja la omena. "Unaweza kuyaandika hayo uliyosema? Kwa wale wa maonyesho?"

"Nitaandika."

"Andika na jina lako chini."

Niliandika barua ya kurasa mbili, nikaweka jina na nambari ya kitambulisho, nikapeleka mwenyewe Homa Bay. Karani aliipiga mhuri, akaiweka juu ya rundo la karatasi nyingine, akaniambia nitapigiwa simu. Sijapigiwa. Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa Migori alinipigia kunisalimu. Alisema mashine imepakwa rangi nyekundu, imeongezwa kitufe cha kahawa, na imepelekwa Kisumu kwa maonyesho makubwa zaidi. Nikamuuliza ni nani siku hizi anayeipachika chupa. Akasema kuna mwalimu mpya wa umeme, mtu mtaratibu, asiyeuliza maswali.